Gari la fowili si la kununuliwa tairi mojamoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wenye magari ya fowili (yanayoweza kuvuta kwa magurudumu yote manne), hasa yale ambayo fowili yake huwekwa kwa leva au swichi pale tu dereva anapoihitaji. Nazungumzia Toyota Hilux, Land Cruiser za mfululizo wa 70, Nissan Patrol za Y60 na Y61, Suzuki Jimny na pikapu nyingi za kazi. Magari haya yanafika gereji cheni ya transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) ikiwa imelegea, krosi (viungo vya shafti) zimekufa au meno ya difu ya mbele (gia za katikati ya ekseli zinazoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kupishana mwendo) yamekatika, na mwenye gari anaambiwa ni uchakavu au oili mbovu. Mara nyingi chanzo kinaonekana kabla hata ya kuingia chini ya gari: mbele kuna matairi mapya na nyuma kuna matairi yanayokaribia kuwa vipara, au matairi ni manne na kampuni ni tatu. Transfa inafunguliwa, inatengenezwa kwa gharama kubwa, kisha gari linarudishwa barabarani na matairi yaleyale.

Kwenye gari dogo linalovuta kwa magurudumu mawili, kununua matairi mawili leo na mawili mwakani hakuna neno. Gari la fowili ni habari nyingine, na sababu iko ndani ya transfa: humo hamna difu ya kati. Ukiwa kwenye 2H, nguvu ya injini inakwenda nyuma peke yake na shafti ya mbele (chuma kinachopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele) imeachiwa. Ukiweka 4H (fowili ya mwendo wa kawaida) au 4L (fowili ya polepole yenye nguvu zaidi), shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja kwa gia au cheni, na kuanzia hapo haziwezi kupishana hata robo mzunguko. Ekseli ya mbele ikitaka kwenda haraka kuliko ya nyuma, hakuna kifaa cha kuiruhusu. Kitu kimoja lazima kiteleze au kijipinde.

Wengi wamekwisha kusikia kwamba 4H haitumiki kwenye lami kavu, na sababu ni kona. Chukua gari lenye mita 2.85 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Likikata kona kali, ekseli ya nyuma ikichora duara la nusukipenyo cha mita 6, ya mbele inachora la mita 6.6, yaani njia ndefu zaidi kwa asilimia 10 na ushee. Kwenye tope, mchanga au kokoto, tairi linateleza kidogo bila dereva kujua na mambo yanaisha. Kwenye lami kavu tairi linang'ang'ania, kwa hiyo msokoto unajikusanya ndani ya shafti kama kamba inayosokotwa ncha zote mbili, mpaka tairi liruke au chuma kikubali kushindwa.

Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba matairi yasiyolingana yanafanya hivyohivyo hata gari likienda mstari ulionyooka. Tufanye hesabu. Tairi la saizi 265/65R17 likiwa jipya lina kipenyo cha karibu milimita 776. Tuseme meno yake yalianza na kina cha milimita 11, na sasa yamebaki milimita 3. Kina kimepungua milimita 8, kipenyo kimepungua milimita 16, na tofauti hiyo ni kama asilimia 2. Katika kilomita moja tairi jipya linazunguka mara 410, lililokwisha mara 419. Ukizidisha kwa uwiano wa difu wa 3.9 (yaani shafti huzunguka mara 3.9 gurudumu likizunguka mara moja), shafti moja inataka kuzunguka karibu mara 34 zaidi ya mwenzake katika kila kilomita, nazo zimefungwa pamoja. Zikibaki zimefungwa kwa kilomita 100, ekseli moja itakuwa imeburuzwa kilomita 2.

Ukiilinganisha hiyo asilimia 2 na hesabu ya kona, unapata jambo ambalo kila mwenye gari hili angepaswa kulijua. Kwa gari letu la mita 2.85, tofauti ya asilimia 2 ni sawa na kukata kona ya nusukipenyo cha mita 14 bila kunyoosha usukani, saa zote ambazo fowili imewekwa. Hakuna dereva mwenye akili ambaye angezunguka duara la mita 14 juu ya lami akiwa 4H mchana kutwa. Mwenye matairi mapya nyuma na yaliyokwisha mbele anafanya hivyo bila kujua. Tena mpangilio huo ndio mbaya zaidi kwa transfa, kwa sababu tairi dogo la mbele linataka kuzunguka haraka na kona nayo inataka mbele izunguke haraka, basi mizigo hiyo miwili inajumlishana.

Kiasi gani kinavumilika? Watengenezaji wengi wa magari yanayovuta magurudumu yote muda wote hutaka kina cha meno kisitofautiane zaidi ya milimita 1.5 hadi 3 hivi. Kwa fowili ya kuwekwa, msimamo wangu ni huu: mzingo wa matairi ya mbele na wa nyuma usipishane zaidi ya nusu asilimia. Kwa tairi lenye mzingo wa mita 2.44, hiyo ni milimita 12 za mzingo, au milimita 2 za kina cha meno. Ikifika asilimia moja, 4H ibaki ya tope na mchanga tu, na iondolewe mara gari linapotoka humo. Ikipita asilimia moja, fowili isiguswe mpaka matairi yarekebishwe, labda gari liwe limekwama kwelikweli.

Kuhusu saizi, maandishi ya ubavuni hayatoshi. Kampuni mbili zinaweza kuandika 265/65R17 na bado matairi yakapishana kipenyo kwa milimita kadhaa, maana viwango vinaruhusu tofauti, na tairi la meno makubwa ya tope huanza na kina kirefu kuliko la barabara. Tairi lililovishwa mpira upya nalo lina kipenyo chake. Usichanganye kamwe tairi la rediali na lile la nyuzi za kupishana, kwa mfano 7.50R16 na 7.50-16. Namba zinafanana, lakini hayakunjiki kwa namna moja yanapobeba uzito, wala hayashiki kona kwa namna moja. Kwa upande mwingine kuna saizi zenye namba tofauti ambazo karibu zinalingana: 265/70R16 ina kipenyo cha milimita 777, na 265/65R17 ina 776. Muuzaji anayekupa 245/70R16 akidai "inaingia tu kwenye rimu hiyohiyo ya 16" anakupa kipenyo cha milimita 749, upungufu wa zaidi ya asilimia 3.5. Itaingia kwenye rimu ndiyo, na itaitafuna transfa.

Kipimo cha kuaminika kinataka chaki, watu wawili na sehemu tambarare iliyonyooka ya mita 30 hivi. Jaza upepo matairi yakiwa baridi, kila ekseli kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Weka 2H, fungua habu za mbele (vifungio vya katikati ya gurudumu) ziwe huru kama gari lina habu za kuzungusha kwa mkono, weka gia frii. Piga alama ya chaki kwenye ubavu wa kila tairi pale chini kabisa linapogusa ardhi. Sukuma gari mbele polepole, usukani ukiwa umenyooka, huku mmoja akihesabu tairi la nyuma kushoto. Likimaliza mizunguko 10 kamili na alama yake ikarudi chini kabisa, simamisha gari na utazame alama za matairi mengine. Alama iliyopita chini na kuanza kupanda upande wa nyuma ni ya tairi dogo. Alama ambayo bado iko mbele, haijafika chini, ni ya tairi kubwa. Pima kwa futi ya utepe, ukifuata mviringo wa tairi, kutoka alama ilipo hadi sehemu inayogusa ardhi. Kwa tairi la mzingo wa mita 2.44, sentimita 12 ni nusu asilimia, na sentimita 24 ni asilimia moja. Napendelea njia hii kuliko kuzungushia tepu tairi lililofunguliwa, kwa kuwa hapa tairi limebeba uzito wa gari na lina upepo wake wa kazi, nalo kosa dogo la mzunguko mmoja limekuzwa mara kumi.

Baada ya kupima, usilinganishe tairi kwa tairi tu. Shafti inazunguka kwa wastani wa gurudumu la kushoto na la kulia la ekseli yake, kwa sababu difu ndiyo inayogawa. Kwa hiyo kinachoiumiza transfa ni tofauti kati ya wastani wa mbele na wastani wa nyuma. Tofauti ya kushoto na kulia kwenye ekseli moja inabebwa na gia ndogo za ndani ya difu, ambazo zimeumbwa kufanya kazi kwenye kona. Ukizipa tofauti ya kudumu zinazunguka muda wote, hata ukiwa 2H, na pini yake inakwanguka. Difu ya LSD (ile inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure) ina hali mbaya zaidi: klachi zake zinasuguana bila kupumzika na oili yake inachemka. Na difu ikiwa imefungwa kwa loki, matairi mawili ya ekseli hiyo yanakuwa na shida ileile ya transfa.

Kuna mafundi wanaotumia hesabu hiyo ya wastani kwa ujanja: mtu akiwa na matairi mawili mapya na mawili yaliyokwisha, wanaweka jipya moja na la zamani moja kwenye kila ekseli. Kihesabu ni kweli, wastani wa mbele na nyuma unalingana na transfa inapona. Lakini gari litavuta upande mmoja, breki za ghafla kwenye maji zitashika upande wenye meno, na difu mbili zinaumizwa badala ya transfa moja. Njia hiyo ni ya kulitoa gari porini polepole. Isifanywe mpangilio wa kudumu, na mwenye LSD asiifanye kabisa.

Iwapo kipimo cha chaki kinaonyesha matairi yanalingana na bado msokoto unajikusanya ukiwa 4H, chunguza uwiano wa difu. Difu za mitumba hufungwa kwa kuangalia umbo la nje: gari lina 3.9 mbele, linawekewa 4.1 nyuma, na tofauti ni asilimia 5, kubwa kuliko ile ya tairi jipya na lililokwisha. Kuhakiki si kazi kubwa. Zuia magurudumu ya mbele kwa kabari pande zote, weka 2H na gia frii, achia breki ya mkono, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli, na la upande wa pili libaki chini. Piga alama kwenye shafti. Zungusha gurudumu lililoinuliwa mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya shafti. Ni mara mbili kwa sababu gurudumu moja likiwa limesimama, difu inaipa shafti nusu tu. Mizunguko 4 kasoro kidogo ni 3.9, mizunguko 4 na kidogo juu ni 4.1. Rudia mbele, habu zikiwa zimefungwa na kabari zikiwa nyuma. Kwenye difu ya LSD kipimo hiki hakifanyi kazi, kwa hiyo fungua mfuniko uhesabu meno. (Wenye matrekta wasishangae kuona mbele kuna magurudumu madogo: kule uwiano wa gia umepangwa kiwandani ili uendane na jozi maalumu za matairi, ndiyo maana hata trekta lina jedwali la saizi zinazoruhusiwa.)

Dereva anajuaje kwamba msokoto umeshajaa? Usukani unakuwa mzito na kutaka kunyooka wenyewe. Gari linaruka kwa vishindo vidogo kwenye kona ya polepole, matairi yanalia, na ukiachia mafuta gari linasita kana kwamba breki imekamata. Leva inakataa kutoka 4H kwenda 2H. Kwenye magari ya swichi, taa ya fowili inaendelea kupepesa. Usiilazimishe leva, maana uma wa ndani ya transfa unapinda na hapo umejiongezea kazi. Simama, rudi nyuma mita chache kwa njia ileile uliyojia, kisha vuta leva ukiwa umeachia mafuta. Ikikataa, pitisha magurudumu ya upande mmoja kwenye udongo tifutifu au majani, msokoto utajifungua. Kuinua gurudumu moja la mbele kwa jeki nako kunafungua, ila gurudumu linaweza kuzunguka ghafla kwa nguvu pale linapoacha ardhi. Mtu asiweke mkono wala mguu karibu. Ukiwa 4L kuwa mwangalifu zaidi, kwani gia hiyo inazidisha nguvu karibu mara mbili na nusu kwenye magari mengi, na kilichokuwa kinajipinda kinavunjika. Wakati wa kubadili oili ya transfa na difu ya mbele, tazama sumaku ya plagi ya kumwagia: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vinavyoshikika kwa kucha si vya kawaida.

Sasa swali la mfukoni. Tairi moja limepasuka, matatu yaliyobaki yametumika nusu. Chaguo la kwanza ni spea tairi, kama lilikuwa kwenye mzunguko na limechakaa sawa na wenzake. Chaguo la pili ni tairi lililotumika la kampuni ileile, aina ileile na kina kilekile cha meno, lakini soma namba nne za mwisho za DOT ubavuni kabla ya kulipa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, na mpira uliozeeka hauponi kwa kuwa na meno marefu. Chaguo la tatu ni kununua mawili, kuyaweka kwenye ekseli moja, na kukubali kwamba 4H itakuwa ya tope tu mpaka manne yalingane. Hapo mapya yawekwe nyuma. Ni kweli, kama nilivyosema, transfa ingependelea tairi kubwa likae mbele, lakini gari hili linatumia 2H sehemu kubwa ya maisha yake, na nyuma inayoteleza kwenye mvua inageuza gari kabla dereva hajapata muda wa kurekebisha. Transfa unaweza kuilinda kwa kutogusa leva.

Tiba ya kweli ni kununua matano na kuyachakaza pamoja. Kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, yazungushe hivi, mradi meno yake si ya mwelekeo mmoja na spea iko kwenye rimu ileile: spea iende nyuma kulia, nyuma kulia iende mbele kulia, nyuma kushoto iende mbele kushoto, mbele kulia ivuke kwenda nyuma kushoto, na mbele kushoto iwe spea. Kwa utaratibu huo siku tairi likipasuka porini, spea inayofungwa inalingana na nyingine, na unaweza kuweka 4H bila wasiwasi. Spea mpya kabisa iliyokaa chini ya gari miaka mitano ndiyo inayofungwa siku ya tope zito, siku ambayo fowili inahitajika kuliko siku zote.

Upepo nao usipuuzwe. Tairi lenye presha pungufu linazunguka kama tairi dogo, na gari likibeba mzigo nyuma bila kuongezwa upepo, unajitengenezea tofauti ambayo haikuwepo. Ukishusha presha kwa ajili ya mchanga, shusha mbele na nyuma kwa uwiano uleule, na ujaze tena kabla ya kuingia barabara ngumu.

Ombi langu la mwisho ni kwa wauza matairi. Mteja wa pikapu akija kutaka tairi moja, muulizeni kwanza kama gari lake ni fowili ya kuwekwa, kisha tokeni na kipimo cha kina cha meno mkapime yale manne mengine. Kazi hiyo haichukui dakika tano. Vipimo vyote viandikwe nyuma ya risiti, tairi kwa tairi, pamoja na kilomita za siku hiyo, ili akirudi mjue mnalinganisha na nini.

Wako,
Fundi wa magari ya fowili